Daktari aliniuliza, nami nikasema hakuna

Mhariri,

Mimi ni fundi wa milango hapa Langoni, Lamu. Mwaka huu natimiza miaka 31 nikiwa na patasi mkononi, na sijawahi kuliandikia gazeti barua. Naandika sasa kwa sababu ya neno moja nililolitamka mbele ya daktari huko Mombasa mwaka 2021, aliponiuliza kuhusu maradhi ya utumbo katika ukoo wetu. Neno lenyewe ni "hakuna". Tangu siku hiyo limenikaa kooni kama mwiba wa samaki, na nikiona nyumba nyengine inaelekea kulitamka lile lile, siwezi kunyamaza.

Binti yangu alianza kuumwa akiwa na miaka 17, yuko kidato cha tatu. Nyumba yetu ni ya kizamani, ngazi za mawe, na usiku kila mtu husikia kandambili za mwenziwe. Mama yake akagundua kwamba msichana ameacha kuvaa kandambili. Alikuwa akishuka chooni peku, mara tatu, mara nne kabla ya adhana ya alfajiri, ili asisikike. Siku mama yake alipomfuata ndipo alipoiona damu, imechanganyika na kamasi nzito kama utelezi wa bamia.

Tulikwenda zahanati, tukaambiwa amiba. Vidonge vya siku saba, nafuu ya wiki moja, kisha maradhi yakarudi. Tukaambiwa taifodi, sindano siku tano. Yakarudi. Amiba tena. Kwa miaka miwili binti yangu alimaliza dawa za amiba mara nne na za taifodi mara mbili, na katika karatasi zote za maabara, ambazo ninazo mpaka leo kwenye mkoba wa ngozi wa marehemu baba, hakuna hata moja iliyoandikwa kwamba amiba ameonekana. Magoti yalipoanza kumvimba tulimnunulia diklofenaki dukani, na tumbo likazidi. Baadaye ndipo tulipoelezwa kwamba dawa za maumivu za aina hiyo zaweza kuliamsha tumbo kama lile. Jicho la kushoto likawa jekundu na halistahimili mwanga, tukatafuta dawa ya jicho. Midomo ikatoka vidonda ndani, tukasukutua kwa maji ya chumvi. Hakuna aliyetuambia kwamba goti, jicho, mdomo na tumbo vilikuwa vikilia kilio kimoja.

Jamaa nao walifanya la kwao. Mmoja alileta shubiri, na shubiri ni kiharishio. Usiku ule hatukulala. Mwengine alisema ni jicho la watu. Tuliandikiwa kombe kwa zafarani, akanywa, nami silidharau kombe, dua ni dua. Lakini dua haikutukataza kwenda hospitali, sisi wenyewe ndio tuliochelewa.

Siku alipoanguka bafuni alipimwa wingi wa damu, ikawa 5.8, chini mno. Tukavuka kwa boti hadi Mokowe, tukapanda basi la Mombasa. Wakati ule mabasi yalikuwa yakienda kwa msafara wa askari, na dereva hawezi kusimama kila abiria anapotaka. Mnaijua njia hiyo, Witu hadi Garsen, pori pande zote mbili. Tulikuwa tumechukua ndoo yenye kifuniko na kanga nne. Mama yake alisimama kwenye njia ya kati ya viti, amefungua buibui lake kama pazia, saa nzima, huku basi likiruka mashimo. Binti yangu alikuwa na miaka 19. Naandika haya kwa idhini yake. Amenitaka niandike hasa hilo la basi.

Mombasa tulimpata daktari wa matumbo. Alisoma karatasi zote, moja baada ya moja, kisha akauliza swali ambalo kwa miaka miwili hatukuwahi kuulizwa na mtu yeyote.

"Mzee wangu, katika ukoo wenu yuko mwengine aliyewahi kuharisha damu kwa muda mrefu? Baba, mama, ami, shangazi, khalati?"

Nikasema, "Hakuna, daktari."

Mke wangu alinitazama, kisha akatazama chini. Alijua. Kila mtu wa nyumba yetu anajua.

Baba yangu alikuwa nahodha wa jahazi, akipakia boriti za mikoko kupeleka Mombasa. Choo cha jahazi kiko tezi, yaani nyuma ya chombo, kile kisanduku cha mbao kinachoning'inia juu ya maji. Mabaharia wake walimpa jina la siri, Bwana Tezi, kwa kuwa kutwa yuko huko. Nyumbani tuliambiwa ana bawasiri. Bawasiri ya miaka 20! Alikuwa akikonda na kunenepa, akikonda na kunenepa, miezi mingine mzima kabisa anapanda mlingoti, miezi mingine hawezi kuswali rakaa nne bila kuvunja udhu. Alifariki mwaka 1994 akiwa na uvimbe upande wa kushoto wa tumbo ambao ungeweza kuushika kwa mkono. Dada yake mdogo, shangazi yangu aliyeolewa Siyu, naye alikuwa na "tumbo baya". Aliolewa mara mbili na mara mbili akarudishwa kwao.

Basi kwa nini nilisema hakuna? Kwa sababu kwenye kiti cha tatu mle ndani aliketi mama mmoja wa Lamu aliyetusindikiza kwa wema wake, na mwanawe alikuwa amekwisha kumposa binti yangu. Nikamfikiria shangazi wa Siyu na sanduku lake likishushwa botini mara ya pili. Nikaona nikisema "ndiyo" nimeivunja posa. Daktari akaandika alichosikia.

Binti yangu akaangaliwa kwa kamera. Utumbo mpana ulikuwa mwekundu tangu mwisho wake kupanda juu, hauna hata sehemu iliyo nzima, ukiguswa unatoka damu. Vikakatwa vipande vidogo vya nyama vya kupimwa. Lakini kuna maradhi mengine yanayofanana na hayo, amiba mwenyewe na kifua kikuu cha utumbo, na dawa ya kutuliza kinga ya mwili ukimpa mtu mwenye kifua kikuu au amiba unaweza kumuua. Kwa hivyo wakasubiri. Walikuwa na haki ya kusubiri. Siku zikapita, akaongezwa chupa mbili za damu, homa haishuki, na mimi nimeketi nje kwenye benchi na jibu nililolificha.

Usiku wa kumi na moja nilimngoja daktari ukumbini, nikamwambia yote. Baba, shangazi, jahazi, uvimbe. Nilitarajia anigombeze. Alivuta kiti, akageuza karatasi ya dawa upande wa nyuma, akaanza kuchora: mraba kwa mwanamume, duara kwa mwanamke, mistari ya kuwaunganisha, na aliyeugua akampaka wino ndani. Akanieleza kwamba historia ya ukoo peke yake haithibitishi ugonjwa, vipimo vya kifua kikuu lazima vikamilike, lakini ingempa pa kuegemea tangu siku ya kwanza. Na lile la uvimbe wa baba lilikuwa na uzito wake, kwa maana utumbo uliowaka miaka mingi huongeza hatari ya saratani, ndiyo sababu wagonjwa wa miaka minane na kuendelea hurudiwa kwa kamera hata wakiwa wazima.

Alichonifundisha usiku ule, na nilichoendelea kukiuliza hadi nikakishika, nataka wasomaji wakipate.

Ugonjwa wa binti yangu ni kolaitisi yenye vidonda. Utando wa ndani wa utumbo mpana unawaka na kutoka damu kwa sababu kinga ya mwili inapigana pasipo na adui. Una nduguye, ugonjwa wa Crohn, uliopewa jina la daktari wa New York aliyeueleza pamoja na wenzake wawili mwaka 1932. Huo unaweza kushika popote kuanzia mdomoni hadi njia ya haja kubwa. Yote mawili hayaambukizi. Huyapati maradhi haya kwa kula sinia moja na mgonjwa, wala kwa choo kimoja. Nasisitiza hili kwa kuwa wako jamaa waliotutengea vikombe.

Lakini yana njia ya damu. Mwaka 2001 wataalamu walitambua jeni ya kwanza, yaani agizo la urithi tulilopewa na wazazi, inayohusika na Crohn, iitwayo NOD2, katika kromosomu ya 16, mojawapo ya nyuzi zinazobeba jeni. Kazi yake, kwa nilivyoelewa, ni kama ya bawabu: hunusa vipande vya ganda la bakteria na kuiambia kinga nani yupo mlangoni. Bawabu akiwa na hitilafu, mambo ndani huharibika. Kwa kolaitisi sehemu yenye nguvu zaidi ni nyengine, ile ya HLA, inayoisaidia kinga kumtambua mgeni, katika kromosomu ya 6. Na tangu hapo zimepatikana sehemu zaidi ya 200 za jeni zenye mkono katika maradhi haya, nyingi zikichangia kidogo kidogo tu. Mtu harithi ugonjwa wenyewe, hurithi wepesi wa kuupata.

Na wepesi huo una mpaka. Chukua pacha wa kufanana kabisa, jeni zao ni zile zile. Mmoja akiwa na Crohn, mwenziwe huupata kwa kadiri ya theluthi moja hadi nusu ya mara. Kwa kolaitisi ni wachache zaidi ya hapo. Kama ingekuwa jeni peke yake, wangeugua wote wawili kila mara. Kuna yanayoongezewa na maisha: sigara kwa Crohn, antibiotiki, chakula, bakteria tunaoishi nao tumboni. Zamani maradhi haya yaliitwa ya Wazungu, na mimi pia niliambiwa hivyo na mhudumu mmoja: "Haya huku kwetu hakuna." Leo yanaongezeka Asia na Afrika ndani ya kizazi kimoja au viwili, na jeni za watu hazibadiliki kwa kasi hiyo.

Nilipouliza kama binti yangu apimwe jeni, daktari alisema haina haja. Zile hitilafu tatu maarufu za NOD2 ni za watu wenye asili ya Ulaya. Kwa Waafrika ni nadra mno, na Wajapani hawanazo kabisa. Kipimo hicho kisingetwambia la kumsaidia. Kwa familia kama yetu kipimo cha ukoo ni ulimi, nao haulipiwi.

Hapa ndipo ninapowasemesha Waamu wenzangu na watu wa pwani kwa jumla. Sisi ni watu wa nasaba. Ukiketi daka lolote hapa mjini utamkuta mzee wa kukuhesabia babu zako mpaka wa kumi, nani alitoka Pate, nani alitoka Hadhramaut, nani alimuoa nani na kwa mahari gani. Mtoto akiposa, mambo yote hayo hupekuliwa. Lakini uliza yule babu wa tatu alikufa na nini, utaambiwa "siku yake ilifika." Ni kweli ilifika. Ilifika kupitia wapi? Tumeihifadhi nasaba ya majina na kuizika nasaba ya maradhi, kisha mjukuu anakunywa dawa za amiba mara nne.

Nasema pia neno la ndoa za ndugu, na nalisema kwa adabu kwa sababu mke wangu mwenyewe ni mtoto wa ami yangu. Sisemi watu wasioane. Lakini mwaka 2009 ilibainika kwamba kuna watoto wachanga wanaopata uvimbe mkali wa matumbo, na majipu na mifereji ya usaha kando ya njia ya haja kubwa, kwa sababu ya hitilafu kwenye kipokezi cha IL-10, ishara inayoituliza kinga. Na familia zilizochunguzwa zilikuwa za watu waliooana jamaa kwa jamaa. Mtoto hupata hitilafu hiyo kutoka kwa baba na kutoka kwa mama, wote wazima. Dawa za kawaida haziwasaidii sana watoto hao. Aliyepona miongoni mwa wale wa kwanza alipandikizwa uboho wa mifupa. Ya binti yangu si hiyo, yake ilianza ukubwani. Ila mzazi mwenye mtoto wa miezi kadhaa anayeharisha damu na kutoka majipu hayo, na amewahi kuzika mwengine kwa tumbo hilo hilo, asikubali kuambiwa ni meno. Aende, na aseme kwamba mumewe ni binamu yake, na aseme kuhusu yule aliyezikwa.

Kuhusu posa, kwa kuwa ndiyo iliyonifunga mdomo: katika watoto 100 ambao baba au mama mmoja ana maradhi haya, zaidi ya 90 hawayapati. Wazazi wote wawili wakiwa nayo ndipo inapofika kiasi cha theluthi ya watoto. Mwanamke ambaye ugonjwa wake umetulia hushika mimba na kuzaa kama wengine, mradi daktari ajue mapema anatumia dawa gani, maana ziko zinazofaa katika ujauzito na ziko zisizofaa kabisa. Shangazi yangu wa Siyu alirudishwa kwao kwa jambo ambalo leo lingetulizwa kwa vidonge. Yule kijana wa posa hakuja tena, na sina kinyongo naye wala na mama yake. Nilimficha, na aliyefichwa ana haki ya kuondoka.

Binti yangu sasa anafundisha watoto wa chekechea. Hunywa mesalazini, dawa ya kuutuliza utumbo, kila siku, na mara moja tangu wakati ule amehitaji prednisoloni, ile ya kutuliza kinga ya mwili, kwa wiki kadhaa. Amerudi kuvaa kandambili. Nikimsikia akishuka ngazi usiku huhesabu, siwezi kujizuia, na kwa kawaida nahesabu mara moja tu.

Kwa wahudumu wa zahanati nina ombi dogo. Mnazidiwa na watu, tunaona foleni zenu. Lakini mgonjwa akirudi mara ya tatu na damu ile ile, muulizeni nyumbani kwao nani mwengine, na mtoeni yule jirani aliyemsindikiza kabla ya kuuliza. Kipo pia kipimo cha choo kiitwacho kalprotektini, kinachoonyesha kama utumbo unawaka. Hakitaji jina la ugonjwa, lakini humwambia mtu kama safari ya kamera inafaa. Nanyi Mhariri, Mei 19 kila mwaka ni siku ya dunia ya maradhi haya. Nawaomba mtenge ukurasa mmoja, muwaite madaktari waeleze kwa Kiswahili cha kueleweka na mama aliye jikoni.

Yuko mama mmoja Malindi, ni damu yetu kwa upande wa ami yangu mkubwa. Mwanawe wa miaka 14 anakonda na anakwenda choo usiku. Nimempigia simu mara mbili. Mara ya kwanza alisema ni pilipili. Mara ya pili alisema, "Kaka, usinitangazie mtoto." Nimeahidi sitamtaja na sijamtaja. Gazeti hili huingia dukani kwake kila siku, hufungia bajia. Dada yangu, kabla hujalifungia kitu, lisome. Daktari akikuuliza, mtaje baba yangu nahodha. Mtaje shangazi wa Siyu. Nitaje mimi na binti yangu, tumekubali kutajwa.

Ile karatasi ya daktari niliinakili nyuma ya kalenda ya zamani, kubwa, nikaibandika karakana penye ukuta mkavu. Kila nikipata mtu mzima wa ukoo nampeleka mbele yake na penseli. Mwezi uliopita nilikwenda Matondoni kwa shangazi yangu mkubwa, ana miaka 84, bado anasuka mikeka. Mwanzo alikataa, akasema maiti wasisemwe. Nikamwonyesha picha ya binti yangu akiwa na drip mkononi, nikanyamaza. Aliendelea kusuka kama robo saa, ukili mmoja juu ya mwengine, kisha bila kuinua uso akataja majina matatu ambayo sikuwahi kuyasikia yakitajwa pamoja. Mmoja ni mama yake mzazi. Nimewachora: duara, duara, mraba, nikawatia wino. Jana ametuma mjukuu wake aniambie nirudi Ijumaa baada ya swala, amemkumbuka mwengine.

Fundi Omari,
Langoni, Lamu